Kasubi Ndani ya Miwani: Ni Mwaka Upi Tunaouhuisha?

Katika shule zetu nyingi historia hufundishwa kwa maneno, na picha ikiwapo ni ile moja iliyochapwa kwa wino hafifu kwenye kona ya ukurasa. Si ajabu basi kwamba walimu wengi wameupokea kwa hamu uhalisia pepe, yaani mbinu ya kompyuta inayomvisha mtu miwani iliyoziba macho yote mawili, ikamfanya ajione yumo mahali ambapo hayupo. Akigeuza kichwa, mahali hapo hugeuka naye. Akiinua macho, huona dari. Hata kama jengo lenyewe limebomoka au limeungua, au liko mbali kiasi cha kuishinda nauli ya mzazi wa kawaida, mwanafunzi ataliingia.

Makala haya yanahusu mahali pamoja, yaani makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, Kampala. Yanahusu pia maswali mawili ambayo yeyote anayetaka kupahuisha mahali hapo hana budi kuyajibu kabla hajagusa kompyuta. Ni Kasubi ya mwaka upi? Na ni nani mwenye idhini ya kuionyesha?

Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga ikulu yake juu ya kilima cha Kasubi mwaka 1882. Alipotutoka mwaka 1884 (kwa adabu ya Kiganda haisemwi kwamba Kabaka amekufa) alizikwa humo humo ndani ya nyumba yake kuu, iitwayo Muzibu Azaala Mpanga. Desturi ya kale ilitaka kila Kabaka awe na mahali pake peke yake pa kupumzika. Kasubi ikageuza desturi hiyo, kwa kuwa waliomfuata walizikwa chini ya paa lile lile. Mwanga wa Pili, mwanawe, alifia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903, na mabaki yake yakarudishwa mwaka 1910. Daudi Chwa wa Pili alifuata mwaka 1939. Muteesa wa Pili, aliyekuwa pia rais wa kwanza wa Uganda, alilazimika kukimbia baada ya jeshi la serikali kuvamia ikulu yake ya Mengo mwaka 1966. Alifia London mwaka 1969, akarejeshwa nyumbani mwaka 1971. Wafalme wanne, na wawili kati yao walikata roho ugenini: mwalimu anayetaka kueleza ukoloni na misukosuko ya miaka ya mwanzo ya uhuru hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano.

Nyumba yenyewe ni ya duara, yenye kipenyo cha mita zipatazo 31, na nyasi zake hushuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Ndani, paa hushikiliwa na nguzo zilizovishwa lubugo, kitambaa kinachotengenezwa kwa gome la mti wa mutuba. Chini ya nyasi zimo pete 52 zinazowakilisha koo 52 za Buganda, hivi kwamba anayeinua macho huona nchi nzima imefungwa pamoja juu ya kichwa chake. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, yaani ukoo wa mbega; kazi ya kupamba nguzo ni ya ukoo wa Ngo, ukoo wa chui. Sakafuni hutandazwa mchaichai na mikeka. Mwaka 2001 UNESCO iliiandika Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea. Nyasi kavu hazingoji gari la zimamoto. Kesho yake, Rais alipofika kushuhudia maafa, umati wenye uchungu ulikabiliana na walinda usalama, risasi zikafyatuliwa na watu wakauawa. Chanzo cha moto kimezua mabishano tangu siku hiyo, na si kusudi langu kuyachochea upya. Ninachotaka msomaji akikumbuke ni kwamba hapa hatuzungumzii gofu la kale lisilo na mwenyewe, bali nyumba ambayo watu walikuwa tayari kuilia na hata kuifia.

Sasa sikiliza sadfa. Mwaka mmoja kabla ya moto, mwaka 2009, vipimo vya Kasubi vilikuwa vimechukuliwa kwa mashine za leza chini ya CyArk, shirika la Marekani lisilo la kibiashara. Mwanzilishi wake, Ben Kacyra, ni mhandisi aliyezaliwa Mosul, Iraki, na mmoja wa waliobuni mashine ya leza ya kupimia majengo. Sanamu kubwa za Buddha za Bamiyan, Afghanistani, zilipolipuliwa na Taliban mwaka 2001, Kacyra aliona kwamba urithi wa binadamu unapotea upesi kuliko unavyoandikwa. Mwaka 2003 akaanzisha shirika hilo. Siku chache baada ya moto wa Kasubi, kwa maelezo yake mwenyewe hadharani, waliulizwa kama vipimo vile bado vipo na kama vingeweza kusaidia ujenzi mpya. Vilikuwepo.

Mashine hiyo hufanya kazi kwa njia isiyo ngumu kueleza darasani. Hutupa mwali wa leza, mwali hugonga ukuta na kurudi, na mashine hukokotoa umbali wa pale ulipogonga. Hurudia jambo hilo maelfu ya mara kwa kila sekunde huku ikizunguka, na kila mgongano huacha nukta moja kwenye kompyuta. Mamilioni ya nukta zikikusanyika, huchora umbo la jengo. Wataalamu huliita wingu la nukta, na kwa mara moja jina la kitaalamu linaeleweka hata kwa mtoto. Kisha nukta huunganishwa kuwa ngozi laini, ngozi hiyo huvishwa picha zilizopigwa kwa kamera, na mwishowe jengo huingizwa ndani ya miwani. Miwani huonyesha kila jicho picha iliyotofautiana kidogo na ya jicho la pili, kama macho yetu yanavyoona duniani, na ubongo huunganisha hizo mbili kuwa kina na umbali.

Hapo ndipo ninapotaka kuingia kama mwalimu wa lugha, maana tatizo kubwa la miwani, kwa maoni yangu, ni la kisarufi. Lugha yetu imejaaliwa njia nyingi za kuonyesha kiwango cha uhakika. Tunasema huenda, yasemekana, inasadikika, yamkini. Tuna kiambishi -nge- cha mambo ambayo yangekuwa lakini hayako. Mwanahistoria mwaminifu huyatumia maneno hayo kila ukurasa, na msomaji makini hujua kwamba "inasadikika" si sawa na "ilikuwa". Picha ya miwani haina huenda. Nguzo iliyopimwa kwa leza hadi milimita na nguzo iliyobuniwa na kijana mmoja mbele ya kompyuta yake huonekana sawasawa, zikiwa na kivuli kile kile na mwanga ule ule. Macho huamini zote mbili, na mwanafunzi akivua miwani atasema "nimeona", hatasema "nimeambiwa".

Wataalamu wenyewe wanalijua tatizo hili. Mkataba wa London, ambao toleo lake la mwaka 2009 ndilo linalotumika sana, unawataka wote wanaochora urithi wa kale kwa kompyuta waeleze bayana kipi kina ushahidi na kipi ni dhana, na waweke kumbukumbu za maamuzi yao ili wengine waweze kuyakagua. Ni mkataba wa hiari, lakini umesema kweli.

Turudi sasa kwenye swali la mwaka. Tuseme tumepewa fedha, vijana wenye ujuzi wa programu na vile vipimo vya 2009. Tunahuisha nini?

Tukichagua 1882, tunahuisha ikulu ya mfalme aliye hai. Hakuna kaburi hapo. Kuna baraza, wajumbe, wapiga ngoma, wake wa Kabaka, na wageni kutoka pande zote: wamisionari wa Kiingereza waliofika mwaka 1877, mapadre wa Kifaransa waliofika mwaka 1879, na wafanyabiashara Waislamu wa pwani waliowatangulia wote hao. Muteesa alijifunza Kiarabu na Kiswahili kutoka kwa watu wa pwani, kwa hiyo Kiswahili kilisikika katika baraza la Buganda kabla ya mkoloni kupandisha bendera. (Wanafunzi wanaoniuliza Kiswahili kilifika lini Uganda, wakidhani kililetwa na askari, hushangaa kusikia hivyo.) Basi katika Kasubi hiyo ya miwani watu wazungumze lugha gani? Wavae nini? Lubugo, kanzu, au vyote viwili? Vipimo vya leza havisemi lolote juu ya hayo. Itabidi turudi kwenye maandishi ya wasafiri na masimulizi ya wazee, na kila moja kati ya vyanzo hivyo lina upendeleo wake.

Tukichagua miaka ya mwisho ya 1930, tunakutana na jambo linalowakera wapenzi wa "Afrika halisi". Wakati huo Muzibu Azaala Mpanga ilifanyiwa ukarabati mkubwa, na saruji na chuma vikaingia ndani ya nyumba ya nyasi. Msanifu wa programu atashawishika kuvifuta, ili jengo lionekane la kale zaidi. Akifanya hivyo atakuwa amefuta uamuzi wa Waganda wenyewe, ambao hawakuona dhambi kuiimarisha nyumba ya wafalme wao kwa nyenzo za zama zao.

Tukichagua 2009, tuna ushahidi ulio imara kuliko wote, lakini tunahuisha kaburi lenye watalii, mikuki na ngao zilizopangwa mbele, na picha za wafalme wanne ukutani. Na tukichagua leo, tunaonyesha nyumba iliyojengwa upya baada ya moto, yenye mitambo ya kujikinga na moto iliyopatikana kwa msaada wa Japani, nyumba ambayo UNESCO iliiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwezi Septemba 2023.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni kuchukua umbo la 2009 na kuliandikia 1882. Ni kosa jepesi kutendwa. Vipimo vipo na mteja anataka "zama za kale", nani atakagua? Lakini nyumba ya nyasi haina umri mmoja. Nyasi huoza na kubadilishwa. Nguzo huliwa na mchwa na kusimikwa nyingine. Kinachodumu ni utaratibu wa nani anaitwa kuja kufanya nini. Ukweli wa Kasubi haumo katika nyasi za mwaka fulani, umo katika wajibu wa Ngeye kuja na nyasi mpya. Baada ya 2010, ujenzi haukuhitaji tu ramani ya kipenyo na kimo. Ulihitaji waezekaji, na waezekaji stadi walikuwa wachache na wengi wao watu wazima, ikabidi vijana wafundishwe. Leza iliweza kusema paa lilikuwa na unene gani. Haikuweza kusema mganda wa nyasi hufungwaje wala ni maneno gani husemwa kabla ya kuupandisha.

Kwa sababu hiyo mimi, kama ningeulizwa fedha zitumiwe wapi kwanza, ningesema ziende kumrekodi muezekaji akiwa kazini, mikono yake ionekane kwa karibu, naye aeleze kwa Kiganda chake mwenyewe. Miwani inaweza kufanya hivyo vizuri sana. Kumweka mwanafunzi kando ya fundi, juu ya jukwaa la mianzi, atazame fundo linavyokazwa, ni somo lisiloweza kutolewa na picha ya kitabuni.

Sasa lile swali la pili, la idhini. Ndani ya Muzibu, nyuma ya pazia la lubugo, ndiko Kibira, yaani msitu mtakatifu, ambako wafalme wamepumzika. Mgeni hukaa mkekani mbele ya pazia, hapiti. Wanaopita ni wachache, na wanajulikana kwa vyeo vyao. Mwali wa leza hufuata sheria hiyo bila kufundishwa: ukigonga lubugo, hurudi. Kwenye wingu la nukta la nyumba kama hiyo pazia ni ukuta, na nyuma yake ni utupu.

Lakini kompyuta haipendi utupu. Fundi wa programu akiuona hauiti mpaka. Huuita pengo, na pengo hujazwa. Anaweza kubuni msitu, makaburi, ukungu na sauti za mizimu, na mwanafunzi wa mbali, asiyejua lolote, atapita kwenye pazia kwa kubonyeza kitufe. Kitu ambacho Mganda mtu mzima amekiheshimu maisha yake yote kitakuwa kimekiukwa, tena kwa uongo, maana kilichoonyeshwa hakipo.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo si ya kipuuzi. Wapo wanaosema kwamba urithi wa dunia ni wa dunia, kwamba elimu haina pazia, na kwamba kisichorekodiwa kikiungua kimepotea milele. Baada ya moto, wananchi walipotaka kujua hali ya makaburi yenyewe, walilazimika kuridhika na neno la ufalme. Hiyo ni gharama ya kweli ya usiri. Hata hivyo, naona gharama ya upande wa pili ni kubwa zaidi. Ibara ya 37 ya Katiba ya Uganda inampa kila mtu haki ya kufuata na kuendeleza utamaduni wake pamoja na wenzake. Haki hiyo ina maana gani kama mtu wa nje anaweza kuvunja mwiko wako kwa mfano wa kompyuta, akauuza, kisha akakuambia kwamba hajagusa chochote? Kuwekwa katika orodha ya UNESCO hakukuhamisha umiliki wa Kasubi. Kuliongeza wajibu wa kuilinda.

Tatizo la kujaza pengo si la Buganda peke yake, na si kila mahali linahusu mwiko. Chukua Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, mji ambao umepimwa kwa leza zaidi ya mara moja, kwanza na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town katika mradi wao wa Zamani, na baadaye katika mradi wa mtandaoni uliotolewa mwaka 2020 kuhusu maeneo ya urithi yanayotishiwa na mabadiliko ya tabianchi. Kinachopimika pale ni mawe: Msikiti Mkuu, Gereza, na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lenye bwawa la pembe nane. Lakini Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 wakati wa sultani huyo huyo, ameacha maelezo ya mji wa majengo ya mbao yaliyoezekwa kwa matete. Wanazuoni wamelijadili sana jambo hilo. Kwa mtengenezaji wa miwani mjadala huo ni wa lazima, kwa kuwa akifuata leza peke yake atahuisha mji wa mawe, yaani mji wa matajiri, na wavuvi, mafundi, watumwa na wakulima waliolala katika nyumba za udongo na matete hawatakuwa na hata kibanda kimoja. Pale Kasubi pengo linataka kuachwa. Kilwa linataka kujazwa, lakini kwa rangi tofauti, ili mtazamaji ajue kwamba sasa ameingia katika eneo la huenda.

Na rangi tofauti ni jambo linalowezekana kabisa. Programu inaweza kuonyesha kilichopimwa kwa rangi yake kamili na kilichodhaniwa kwa rangi ya kijivu. Inaweza kumruhusu mwanafunzi kubonyeza nguzo na kusoma nani alisema ilikuwa pale na lini. Inaweza kumpa mtelezo wa miaka, aisogeze Kasubi kutoka 1882 hadi leo na aone saruji ikiingia, moto ukipita, nyasi mpya zikirudi. Ni kazi zaidi kwa mtengenezaji, na pengine haivutii sana kwenye maonyesho ya biashara.

Mwanafunzi wa Kampala anaweza kupanda teksi akafika Kasubi, akavua viatu mlangoni, akaketi mkekani na kunusa mchaichai. Huyo asinunuliwe miwani, anunuliwe tiketi. Mwanafunzi wa Arua, wa Kisoro, au wa ng'ambo ya mpaka ndiye miwani inayomfaa, na kwake hata sanduku la karatasi ngumu lenye lenzi mbili na simu ya mwalimu ndani yake linatosha kuanzia. Mwalimu atakayeletewa programu ya namna hiyo shuleni amwulize aliyeileta ni ya mwaka upi, nani wa Kasubi aliyeikubali, na vipimo vyake vinatunzwa wapi. Jibu la swali la tatu likiwa ni ng'ambo peke yake, adai nakala iwekwe pia Kampala, mikononi mwa ufalme na katika Makumbusho ya Taifa. Kisha avae miwani mwenyewe kabla ya wanafunzi, atembee hadi kwenye pazia la lubugo, na ajaribu kupita.